Moto Usiochemsha Chai

Mwanga ule ulitakiwa kuzimika baada ya dakika mbili, na haukuzimika.

Mwalimu Gerson Chilewa alikuwa amechuchumaa katika chumba cha ndani cha tembe, nyumba ya udongo ya marehemu bibi yake, saa tisa alasiri, mbele ya jagi la kioo, simu mkononi ikihesabu muda. Zilipita dakika mbili, zikapita tano, zikafika kumi na mbili. Maji ndani ya jagi yaliendelea kung'aa kwa rangi ya buluu, yametulia, bila kufifia hata kidogo. Mtu mwingine angefurahi. Gerson aliudhika. Kitabu kilisema dakika mbili, na kwa miaka tisa yeye alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba kemia haina maajabu, ina vipimo tu, na asiyepata jibu amekosea kupima.

"Nimekosea wapi?" akajiuliza kwa sauti.

"Hujakosea, baba," akasema binti yake Angelina, mwenye miaka sita, aliyekaa sakafuni kakumbatia magoti. "Mzuri. Uache tu."

Akauacha, kwa sababu chaji ya simu ilikuwa inaisha.

Hasira za Gerson hazikuanza siku hiyo. Shule aliyofundisha, pembeni ya barabara inayotoka Mpwapwa kwenda Gulwe, ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni, na ndani yake walihifadhi madawati mabovu. Kidato cha nne walisoma kemia ya kuchorewa ubaoni. Aliomba vifaa mpaka akachoka, kisha akaamua kufanya majaribio nyumbani kwake siku za Jumamosi. Rafiki aliyesoma naye chuo alimtumia kutoka Dar es Salaam kichupa cha unga uitwao luminoli. Vingine alivipata hapohapo: magadi sokoni, mrututu, ile chumvi ya buluu ya kupulizia mimea, kwenye duka la pembejeo, na ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Ukivichanganya kwenye maji vinatoa mwanga wa buluu, mwanga baridi usio na moshi. Alichokosa ni giza. Nyumba yake ya bati ilipitisha jua kila upande, na wanafunzi hawaruhusiwi kuzurura usiku.

Giza lilikuwepo uani kwake, ndani ya tembe la Bibi Dorkasi, katika kile chumba cha mwisho kisicho na dirisha. Ila tembe lilikuwa limefungwa tangu bibi azikwe mwezi wa nne. Katika ukoo wao, siku ya maziko moto wa jikoni kwa marehemu huzimwa, na hauwashwi tena mpaka ndugu wakutane na kuuwasha kwa pamoja. Atakayeuwasha peke yake ndiye mwenye moto, na mwenye moto hamfukuzi yeyote ajaye kuuota. Kazi ya kupanga siku ilikuwa ya baba mkubwa Nathanaeli wa Haneti, ambaye alikwisha kuipanga na kuiahirisha mara tatu: mara ya kwanza kwa sababu ya kuvuna mtama, ya pili goti, ya tatu hakusema. Gerson alipiga simu, akapiga tena, akachoka kuambiwa kwamba wazee bado wanalitafakari. Akachukua ufunguo.

"Lakini ndugu hawajakutana," mkewe Priska alimkumbusha.

"Na mimi sijawasha moto. Hiki si moto. Hakina joto, hakiunguzi. Weka kidole uone."

Priska akaweka kidole kwenye maji yale, akakitoa, akakigeuzageuza. "Kwa hiyo hakichemshi hata chai."

"Hakichemshi."

"Sasa baba Angelina, kujipaka vumbi lote hilo ni kwa faida ya nani?"

Akacheka, na Gerson naye akacheka. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Asubuhi iliyofuata alikuta jagi kavu. Halikumwagika. Sakafu ya udongo ilikuwa vilevile na jagi limesimama palepale alipoliacha, lakini ndani hapakuwa na tone, wala ule ukoko mweupe ambao magadi huuacha maji yakikauka. Lilikuwa limelambwa likang'aa. Akamlaumu mbuzi, akakumbuka mlango ulikuwa na kufuli, akawalaumu panya.

Jumamosi wakaja wanafunzi ishirini na watatu, pamoja na mkuu wa shule, Mwalimu Castory, aliyetaka kuona hiyo kemia ya kwenye tembe inayosemwa. Wakajibana kwenye chumba cha ndani. Gerson akaeleza, akapima, akamimina. Giza. Akapima upya, akamimina. Giza, na mtu akakohoa. Mara ya tatu akapima kwa hasira, na giza likabaki kuwa giza.

"Mwalimu Gerson," mkuu wa shule akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, "watoto hawa wametembea kilomita sita kuja kutazama giza?"

Wakacheka, wakatoka. Vishindo vyao vilikuwa havijafika mbali jagi likawaka lenyewe. Gerson akatoka mbio akiwaita, akamshika mkuu wa shule mkono, akamrudisha ndani. Jagi limezimika. Mkuu wa shule akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa, akamwambia apumzike wiki moja. Alipofika barabarani, jagi likawaka tena.

Kuanzia hapo Gerson alikuwa mtu wa kugombana na jagi. Alibadilisha maji, akabadilisha magadi, akanunua dawa ya vidonda kwenye duka jingine. Kwenye daftari aliandika: nikiwa na watu, hapana; nikiwa peke yangu, ndiyo; Angelina akiwepo, ndiyo, na zaidi. Alipousoma mstari wa mwisho aliukata kwa kalamu, maana hakuna kipimo cha namna hiyo duniani. Mkewe akamwambia achane na vitu hivyo. Akamjibu kwamba akiachana navyo sasa atakuwa amekubali kuitwa mwongo.

Kulikuwa na mambo mengine, ambayo hakuyaandika kwa sababu hakujua ayaandike wapi. Chumba kilianza kunuka udongo ulionyeshewa, harufu ile nzuri ya mvua ya kwanza, na ilikuwa mwezi wa saba, upepo unapeperusha vumbi na tone la mwisho lilianguka kabla ya msiba. Na mara mbili, akiwa amegeuka kuchukua kijiko, alisikia nyuma yake sauti ya kufyonza, taratibu, ya mtu anayekunywa kitu cha moto kwa uangalifu asijiunguze midomo. Akageuka. Maji yalikuwa yamepungua kwa upana wa vidole viwili.

Jumanne moja alitoka shule mapema, saa sita mchana. Priska alikuwa kwenye cherehani yake sokoni, na Angelina alitakiwa kuwa kwa jirani yao Mwanaidi. Gerson alipoingiza baiskeli uani aliona mlango wa tembe umeachwa wazi, ufunguo ungali kwenye kufuli. Akasimama. Ndani alisikia sauti ya mwanawe ikizungumza chini chini, ikinyamaza, ikijibu, ikinyamaza tena, kwa namna ya mtoto anayeulizwa maswali na mtu mzima na anajitahidi kuwa na adabu. Harufu ya mvua ikamjia mpaka nje. Akapita chumba cha kwanza akishika ukuta kwa sababu macho yalikuwa bado na jua, akapita jikoni penye mafiga baridi, akalifikia pazia la gunia, na kupitia matundu ya gunia akaona buluu, si ya jagi moja bali ya chumba kizima, na katikati ya buluu ile Angelina amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, mkono wake mmoja umenyooka juu kabisa, umeshika kikombe cha bati, anamnywesha mtu mrefu ambaye hayupo, na kikombe kinainama chenyewe kidogo kidogo, na maji yanayong'aa yanatoka kikombeni na hayaanguki chini.

"Angelina." Ilitoka kama pumzi tu. "Unaongea na nani?"

"Na mgeni," mtoto akajibu bila kugeuka.

"Umekunywa hiyo dawa?"

"Sijanywa. Anakunywa yeye. Mimi namshikia kikombe maana hana mikono."

"Ameingiaje humu?"

"Alipiga hodi ile siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unahesabu kwenye simu." Kikombe kilikuwa kimeisha, akakishusha. "Anauliza kila siku mwenye moto ni nani. Nikasema baba anasema si moto. Akasema basi nani anamkaribisha. Nikasema mimi."

Gerson alimbeba akatoka naye mbio, na alichokihisi kwanza kifuani ni baridi. Jua lilikuwa la utosini na mtoto alikuwa na baridi ya mtungi wa maji.

Baridi ile haikutoka. Zahanatini, mganga wa zamu alimpima joto akabadilisha kipimajoto, akapima akabadilisha tena, cha tatu akakitikisa na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha, mwisho akaandika kwamba vipimo vyote ni vizuri kwa sababu mtoto anaongea, anakula na hana maumivu. Gerson alimwambia amguse. "Nimemgusa, mwalimu," akajibu kwa uchovu. "Nifanyeje? Hakuna dawa ya ubaridi." Mchungaji alikuja siku mbili mfululizo akaomba kwa moyo wote, mtoto akalala vizuri na baridi ikabaki. Gerson akamwaga chooni kila alichokuwa amechanganya, akafunga tembe kwa kufuli mbili. Siku ya nne bila mwanga, Angelina alikuwa hawezi tena kushika kijiko. Usiku Priska alifunua blanketi amgeuze, na chini ya blanketi kucha zote kumi za mikono ya mwanawe zilikuwa zinawaka buluu.

Hakupiga kelele. Alimfunika, akakaa kitandani mpaka kukapambazuka, kisha akamwambia mumewe maneno machache.

"Ulisema si moto. Haya, niambie ni nini."

Baada ya miaka tisa ya kueleza, Gerson akaenda kwa Mwanaidi kuomba msaada.

Mwanaidi ndiye aliyempigia simu baba yake mdogo, mzee Shaaban wa Kondoa. Alifika kesho yake mchana kwa bodaboda, mtu mfupi mwenye mikono ya grisi, fundi wa mashine za kusaga. Majini aliyatoa pale tu alipoombwa na watu asioweza kuwakatalia, na usoni alionekana hakuipenda kazi hiyo hata kidogo.

"Shikamoo, mzee," Gerson akasema.

"Marahaba. Mtoto nimemwona. Nani aliwasha?"

"Mzee, labda nieleze kwanza. Kile si moto. Ni mmenyuko wa—"

"Sikukuuliza ni nini. Nimeuliza nani aliwasha."

Shaaban akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasugua macho.

"Sisi tumefundishwa kwamba jini ameumbwa kwa moto usio na moshi," akasema. "Sasa huyu alikuwa anapita zake. Akaona nyumba haina mwenyewe, jiko limezimwa, na ndani kuna moto usio na moshi. Wewe ungekuwa mbali na kwenu miaka mingi, ukasikia harufu ya chakula cha kwenu, ungepita? Akapiga hodi kwa adabu. Akauliza mwenyeji. Kila akiuliza, wewe unasema hakuna moto hapa. Mtoto akaona aibu kwa niaba yako, akamkaribisha. Kwa hiyo mwenyeji wake ni mtoto, na mgeni huota moto kwa mwenyeji. Mwanao ndiye anayeotwa."

"Atolewe," Priska akasema kwa sauti ndogo.

"Kumfukuza siwezi, hakuvunja mlango. Inabidi moto uwashwe tena palepale, mtoto awepo, aje. Atauliza. Safari hii mwenye moto ajibu. Akishajibu, auzime yeye mwenyewe mbele ya mgeni, mgeni ajue kumekwisha. Mnauzimaje, kwa maji?"

"Hauzimiki kwa maji," Gerson akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akajua jibu la kitu. "Unahitaji magadi ili uwake. Ukiweka kitu kichachu, magadi yanakufa, mwanga unazimika papo hapo. Ukwaju unatosha."

"Loweka ukwaju mwingi basi." Mzee akamtazama. "Mwalimu, nisikilize. Ukisema moto ni wako, ni wako. Mgeni anatoka kwa mtoto. Sikukuambia anakwenda wapi."

"Nitasema lolote," Gerson akajibu. "Tufanye haraka."

Saa nane mchana wakaingia. Kichupa kilikuwa kimebaki na unga wa kushika kwa ncha ya kijiko. Priska alibaki nje ya pazia na Mwanaidi, wameshikana mikono. Mzee Shaaban alisimama jikoni penye mafiga akisoma kwa sauti ya chini, na ndani ya chumba walikuwepo Gerson na mwanawe tu, mtoto amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, bakuli la ukwaju mzito karibu na goti la baba. Gerson akapima. Akamimina, na maji yakawaka.

Kwanza hapakuwa na kitu, mwanga tu na sauti ya mzee nyuma ya pazia. Kisha harufu ya mvua ikaingia, nzito, ya mvua inayonyesha hasa, na ile sauti ya mzee ikawa inatoka mbali, kana kwamba chumba kimesogezwa nyuma ya kilima, na mwanga ukatoka ndani ya jagi bila jagi kupungua, ukapanda ukutani, ukashika boriti za dari moja baada ya nyingine, na pale ambapo mwanga ulitakiwa kuangaza ukuta wa mbele haukuangaza, kulikuwa na urefu wa kitu pale, urefu ulioinama kwa sababu dari ni fupi, na kitu kile kilikuwa kimemwinamia mtoto kwa namna watu wanavyoinamia jiko asubuhi ya baridi, kimejikunja, kimeridhika, hakina haraka, na Gerson aliyekuwa amejiandaa kwa meno na macho mekundu aliona kwa hofu kubwa zaidi kwamba hakina ubaya wowote, kinaota tu.

Midomo ya Angelina ikafunguka.

"Mwenye moto ni nani?"

Ilikuwa sauti yake yeye, ya miaka sita, lakini iliulizwa kwa uchovu wa mtu aliyeuliza mara nyingi mno.

"Hiki si—" Gerson akaanza, kwa mazoea, na neno likamkwama. Aliona mwanawe anavyotetemeka. Akaona aibu, aibu ya kweli, kwa kila mara aliyosema maneno yale na kujiona mjanja.

"Mimi," akasema. "Niliwasha mimi, peke yangu. Moto ni wangu. Karibu."

Kile kirefu kikageuka.

Hakukiona kinakuja. Alijua tu kwamba hakipo tena juu ya mtoto, na kwamba nywele za shingoni mwake zimesimama, na kwamba karibu sana na sikio lake kuna kitu kinavuta pumzi ya shukrani. Akalishika bakuli, akamimina ukwaju wote kwa mkupuo. Jagi likachemka povu, likafoka, likalowesha mikono yake, na giza likaanguka chumbani mara moja. Ndani ya giza lile, kwenye viganja vyake vilivyolowa, akasikia ile sauti ya kufyonza, taratibu, mpaka viganja vikakauka.

Kisha Angelina akalia. Alilia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamshwa vibaya. "Mama," akasema, "nasikia joto."

Priska alilivuta pazia karibu alikate. Akambeba mwanawe mpaka nje uani, akamvua sweta mbili na kitenge, na chini yake mtoto alikuwa anatoka jasho, jasho la kweli, puani na kwenye paji la uso. Priska akalifuta kwa mkono akaulamba mkono wake, akacheka huku machozi yanatiririka. Mwanaidi akakaa chini palepale kwenye vumbi. Angelina akasema ana njaa, anataka ugali, na mlenda, na asiambiwe asubiri. Akaanza kugombana na mama yake kuhusu viatu.

Gerson alitoka wa mwisho. Jua lilikuwa kali mpaka kuku wamejificha chini ya mkokoteni. Alikuwa amekosea kila kitu tangu mwanzo, na amepona. Hilo ndilo alilokuwa analiwaza alipokwenda pale walipokaa, akachuchumaa, na kuweka mkono wake kwenye paji la uso la mwanawe.

Angelina aliruka akajificha nyuma ya mama yake. Mahali ule mkono ulipogusa, paji lilikuwa limepauka kwa baridi.

"Usinishike, baba," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaomba. "Unauma."

Priska akaunyoosha mkono wake mwenyewe, akaushika wa mumewe, akauachia kabla hajataka kuuachia. Walitazamana.

Mzee Shaaban alikuwa mlangoni mwa tembe anafunga kamba za viatu. Gerson akamwendea.

"Ataondoka lini?"

"Akitosheka."

"Na huwa wanatosheka?"

Mzee alimaliza kiatu cha kwanza, akahamia cha pili. "Mtoto atazoea," akasema. "Wao huzoea haraka kuliko sisi."

"Kuzoea nini?"

"Kukusalimia kwa mbali."

Bodaboda ikaja ikamchukua. Kwenye kivuli cha ukuta, Angelina alikuwa ameanza kula, analalamika ugali ni wa moto sana. Gerson aliingiza mikono yake mfukoni na kubaki amesimama pale juani, hatua nne kutoka kwao, na alipoona mtoto amemtazama, akarudi nyuma hatua moja.